Kisima cha Addington: Homa ya Matumbo katika Manispaa ya Croydon, 1937

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1937, mji wa Croydon, ulioko kusini ya London, ulikumbwa na homa ya matumbo, yaani taifodi. Watu 341 waliugua, na 43 miongoni mwao walikufa. Kuna milipuko ya ugonjwa huo iliyokuwa mikubwa zaidi. Huko huko Uingereza, mji wa Maidstone ulipata wagonjwa zaidi ya 1,800 katika mwaka 1897. Hata hivyo mkasa wa Croydon umebaki katika vitabu vya afya na vya uhandisi wa maji hadi leo, kwa sababu ulitokea mahali ambapo hakuna aliyeutazamia. Mji ulikuwa na mabomba, ulikuwa na mitambo ya kuchuja maji na kuyatia klorini, ulikuwa na mganga wake wa afya na mhandisi wake. Elimu ya kuuzuia ugonjwa huo ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya miaka thelathini. Basi swali linalofaa kuulizwa ni hili: ugonjwa ulipenya wapi?

Mji na utawala wake

Croydon iko yapata kilomita 15 kutoka katikati ya London. Katika miaka ya 1930 ilikuwa mojawapo ya vitongoji vikubwa ambavyo reli ilivijaza watu: makarani, mafundi na wafanyabiashara waliolala Croydon na kufanya kazi London, wakiishi katika nyumba za matofali zenye bustani ndogo mbele na nyuma. Sensa ya mwaka 1931 iliwahesabu wakazi zaidi ya 230,000. Uwanja mkuu wa ndege wa London ulikuwa hapo hapo; ndege iliyofungua njia ya barua kati ya Uingereza na Mwanza, mwezi wa Februari 1931, iliruka kutoka Croydon.

Katika mambo ya usafi mji huo haukuwa mgeni. Bunge la Uingereza lilipopitisha Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1848, Croydon ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kabisa kuunda Bodi ya Afya, mwaka 1849, na ikajenga mabomba ya maji na mifereji ya maji machafu mapema kuliko miji mingi. Hata hivyo ilipata mlipuko mkali wa homa ya matumbo mwaka 1875, kwa hiyo wazee wa mji waliujua ugonjwa huo kwa jina na kwa makaburi.

Kuanzia mwaka 1889 Croydon ilipewa hadhi ya manispaa yenye madaraka ya mkoa. Maana yake ni kwamba halmashauri moja, iliyochaguliwa na wananchi, ndiyo iliyomiliki visima, mabomba, mifereji na hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Mganga Mkuu wa Manispaa na Mhandisi wa Manispaa walikuwa watumishi wa halmashauri hiyo hiyo moja, wakilipwa kutoka mfuko mmoja. Jambo hilo halina budi kukumbukwa, maana ndilo linaloufanya mkasa wenyewe uwe mgumu kuamini.

Ugonjwa unaoweza kukaa ndani ya mtu mzima wa afya

Homa ya matumbo huletwa na bakteria ambao wataalamu huwaita Salmonella typhi. Bakteria hao hawana makao mengine ila mwili wa binadamu. Hawaishi ndani ya ng'ombe, wala kuku, wala panya. Kwa hiyo kila mgonjwa wa homa ya matumbo amepata vijidudu vilivyotoka katika choo au mkojo wa mtu mwingine, hata kama njia iliyopitwa ni ndefu na haionekani: maji, maziwa, chaza wa baharini, mikono ya mpishi, au nzi.

Mtu akimeza vijidudu hivyo hapati homa siku ile ile. Kwa kawaida hupita wiki moja hadi mbili, na wakati mwingine hata wiki tatu au zaidi, kabla ya dalili za kwanza. Homa hupanda kidogo kidogo siku hata siku, kichwa huuma, mwili hulegea. Katika wiki ya kwanza hata daktari hodari huweza kudhani ni mafua makali. Katika wiki ya pili na ya tatu vidonda hutokea katika utumbo mdogo, na hapo ndipo hatari ya utumbo kuvuja damu au kutoboka inapokuwa kubwa. Mwaka 1937 hakukuwa na dawa ya kuviua vijidudu hivyo ndani ya mwili. Mgonjwa aliuguzwa kwa maji, chakula laini na uangalizi wa muuguzi, akaachiwa mwili wake upigane. Huko Croydon alikufa mgonjwa mmoja katika kila wanane, au asilimia 12.6.

Lakini jambo la ajabu zaidi katika ugonjwa huu huwapata wale wanaopona. Wachache kati yao, kiasi cha wawili hadi watano katika kila mia, huendelea kuvitunza vijidudu katika mfuko wa nyongo kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Hawana homa, hawana maumivu, wanakula na kufanya kazi kama watu wengine. Nyongo humwagika ndani ya utumbo, na pamoja nayo hutoka vijidudu vilivyo hai. Mtu wa namna hii huitwa mbeba vijidudu. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui, na hakuna anayemtazama akajua. Hali hii ilikuwa imethibitishwa na wanasayansi tangu mwanzo wa karne ya 20, na huko Marekani mpishi mmoja aliyekuwa mbeba vijidudu alikuwa ameshakuwa habari ya magazeti tangu mwaka 1907.

Maji yaliyoaminiwa

Sehemu kubwa ya kusini-mashariki ya Uingereza imelala juu ya mwamba mweupe wa chaki. (Mwanafunzi asifikiri ni ile chaki ya ubaoni, siku hizi hiyo hutengenezwa mara nyingi kwa jasi. Chaki ya asili ni aina laini ya mawe ya chokaa, iliyotokana na magamba madogo mno ya viumbe wa baharini.) Mvua hunywewa na mwamba huo, ikashuka polepole, ikachujwa katika vinyweleo vyake. Maji yanayopatikana chini ni baridi, angavu na matamu. Kisima cha Addington kilichimbwa katika mwamba huo mwishoni mwa karne ya 19. Kama visima vingine vya aina yake, hakikuwa shimo la kuchota kwa ndoo, bali shimo pana la wima lililounganishwa na mahandaki yaliyochimbwa kwa ubavu ndani ya mwamba, ili maji yajikusanye kutoka kila upande kabla ya kuvutwa na pampu.

Mwamba wa chaki una sifa nyingine isiyosifiwa sana: una nyufa. Maji yanayopita katika vinyweleo huchujwa, lakini yanayopita katika ufa mpana hayachujwi na chochote. Ndiyo maana manispaa iliweka chujio na mtambo wa klorini huko Addington. Hata hivyo imani ya watu haikuwa katika mtambo. Ilikuwa katika kisima. Maji yaliyokuwa yanang'aa hivyo, na yaliyokuwa yamenywewa miaka mingi bila madhara, yalionekana kuwa salama kwa asili yake, na klorini ikahesabiwa kuwa ziada ya tahadhari. Fikra hiyo ndiyo chanzo cha yote yaliyofuata. Kilichokuwa ngome ya mwisho kikachukuliwa kuwa pambo.

Kazi ndani ya kisima

Mwishoni mwa Septemba 1937 mafundi walianza kazi ya matengenezo ndani ya kisima cha Addington. Waliteremka na kufanya kazi chini, mahali maji ya kunywa yalipojikusanya. Kazi hiyo haikusimamisha matumizi ya kisima. Kwa vipindi fulani maji yaliendelea kuvutwa na kupelekwa majumbani. Na katika kipindi hicho hicho chujio na mtambo wa klorini vilikuwa havitumiki.

Miongoni mwa mafundi hao alikuwamo mbeba vijidudu vya homa ya matumbo. Ripoti ya uchunguzi haikulitaja jina lake. Ilimwita tu «Mgonjwa A». Hakuwa mgonjwa kwa macho, na hapana aliyempima kabla ya kumteremsha kisimani. Jambo la kupima choo, mkojo na damu ya watu wanaoingia ndani ya kisima cha maji ya kunywa lilijulikana katika maandishi ya wataalamu, lakini halikuwa desturi.

Huenda mwanafunzi akauliza: mtu mmoja anawezaje kuharibu maji ya kisima kikubwa kiasi hicho? Hesabu fupi itamsaidia. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kisima kinatoa lita 4,000,000 kwa siku, na kwamba gramu moja ya kinyesi cha mbeba vijidudu ina bakteria 1,000,000,000. Kiasi hicho si cha kupindukia. Gramu hiyo moja ikiingia na kuchanganyika sawasawa katika maji ya siku nzima, kila lita itakuwa na bakteria 250. Maji hayo yataonekana angavu kama jana. Hayatakuwa na harufu wala ladha mpya. Katika maelfu ya watu watakaoyanywa wengi hawatadhurika, kwa kuwa asidi ya tumbo huua vijidudu vingi na kinga ya mwili humaliza vingine. Lakini hapana budi wachache wataugua, na katika maelfu ya watu wachache hao ni mamia.

Sasa hesabu ya pili, ya upande wa kinga. Katika maji safi ya aina hiyo, klorini ya kiasi cha miligramu 0.5 kwa lita, ikipewa nusu saa ya kufanya kazi, hutosha kuwaua bakteria wa homa ya matumbo. Kwa lita 4,000,000 hiyo ni kilo 2 za klorini kwa siku nzima. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuubeba mzigo huo kwa mkono mmoja.

Klorini ikiingia majini hufanya asidi ya haipoklorasi, ambayo hupenya ukuta wa bakteria na kuharibu vimeng'enya vyake. Mambo mawili huipunguzia nguvu. La kwanza ni muda: haiui papo hapo, bali huhitaji dakika kadhaa kabla maji hayajafika kwa mnywaji. La pili ni uchafu: udongo, majani yaliyooza na amonia huila klorini kabla haijawafikia bakteria. Kwa hiyo mhandisi hapimi tu klorini aliyoitia. Hupima ile iliyobaki mwishoni. Maji yaliyobaki na klorini kidogo ni maji yaliyokwisha lipa deni lake. Somo hilo Uingereza ilikuwa nalo tangu mwaka 1905, Alexander Houston alipotia dawa ya klorini mfululizo katika maji ya mji wa Lincoln ili kuzuia homa ya matumbo, na maji ya London yenyewe yalianza kutiwa klorini mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya kwanza.

Saa iliyochelewa

Katika mwezi wa Oktoba watu wa Croydon ya kusini walianza kuugua, nyumba moja hapa, nyingine pale. Madaktari wa mitaani walimwona kila mmoja mgonjwa wake peke yake. Mwishoni mwa mwezi taarifa zilipoanza kufika kwa Mganga Mkuu, ilionekana wazi kuwa kuna mlipuko, lakini chanzo hakikuwa wazi. Mwaka mmoja tu kabla, mwaka 1936, miji ya Bournemouth na Poole ilikuwa imepata homa ya matumbo iliyoletwa na maziwa mabichi. Kwa hiyo lilikuwa jambo la busara kuuliza habari za maziwa, za chaza, za maandalizi ya karamu na za wauza vyakula. Maji ya kisima kirefu, yanayochujwa na kutiwa klorini, yalikuwa mwisho wa orodha.

Hapa ndipo ulipo moyo wa mkasa. Mganga Mkuu alijua kwamba kuna homa ya matumbo, lakini hakuwa na habari kwamba watu wanafanya kazi ndani ya kisima na kwamba klorini imesimamishwa. Idara ya Mhandisi ilijua habari za kisima, lakini haikuzihusisha na homa. Kila upande ulishika nusu ya habari. Nusu hizo mbili zilikuwa katika mji mmoja, chini ya halmashauri moja, na hazikukutanishwa kwa siku ambazo kila moja ilikuwa na thamani ya maisha ya watu. Wakazi wenyewe, wakilinganisha anwani za wagonjwa, walianza kuyashuku maji. Mwanzoni mwa Novemba ndipo ukweli ulipoungana na kisima kikaondolewa katika matumizi.

Kisima kilipofungwa ugonjwa haukukoma siku ile. Mwalimu anaweza kulionyesha hili kwa mstari wa siku ubaoni. Mtu aliyekunywa maji ya mwisho ya Addington mwanzoni mwa Novemba angeweza kuanza kuugua katikati au mwishoni mwa mwezi huo, kutambuliwa wiki moja baadaye, na kufa Desemba. Kwa hiyo orodha ya wagonjwa inayosomwa leo ni picha ya maji ya wiki tatu au nne zilizopita. Mganga anayetazama orodha hiyo ni kama mtu anayeuona moshi wa moto uliowashwa mwezi uliopita.

Upimaji wa maabara nao una saa yake. Ni vigumu kumtafuta bakteria wa homa ya matumbo mwenyewe katika maji, kwa kuwa huwa wachache na waliotawanyika. Kwa hiyo wapima maji humtafuta jirani yake, bakteria koli, ambaye Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885, na ambaye hujaa katika utumbo wa kila mtu. Akionekana, ni ushahidi kwamba uchafu wa binadamu au mnyama umeingia. Lakini katika njia za miaka ile sampuli ilipaswa kuwekwa katika joto la mwili, katika chakula chenye sukari ya maziwa, na kungojewa hadi siku mbili ili asidi na hewa zionekane. Siku jibu linapotoka, maji yaliyopimwa yameshanywewa. Kupima ni kazi ya lazima. Huonyesha kama kinga inafanya kazi. Hakuwezi kushika nafasi ya kinga yenyewe, na aliyezima klorini kwa kuwa sampuli za nyuma zilikuwa nzuri amesoma barua ya jana akidhani ni ya leo.

Kilichothibitisha chanzo ni ramani. Wagonjwa walipowekwa juu ya ramani ya mabomba walionekana kujikusanya katika mitaa iliyopokea maji ya Addington, na mitaa iliyolishwa na visima vingine ilikuwa karibu haina ugonjwa. Wagonjwa wachache walioishi mbali walikutwa mara nyingi kwamba walikuwa wamekula, kusoma au kufanya kazi katika sehemu hiyo. Njia hiyo si mpya. John Snow aliitumia kwa kipindupindu huko London mwaka 1854, naye alilinganisha nyumba zilizopata maji ya kampuni mbili tofauti. Kwa bahati mbaya huwezi kuitumia ramani ya mabomba usipokuwa nayo mezani, na kwa kawaida ramani hiyo hukaa kwa mhandisi, si kwa daktari.

Uchunguzi na sheria

Wakazi waliunda kamati yao na kudai maelezo. Waziri wa Afya aliamuru uchunguzi wa hadhara, ulioongozwa na wakili H. L. Murphy akisaidiwa na daktari mmoja na mhandisi mmoja wa maji. Ripoti ilitolewa mwezi wa Februari 1938. Ilieleza kwamba mlipuko ulitokana na mambo matatu yaliyokutana: kazi ya ujenzi iliyowaweka watu ndani ya kisima, kuwapo kwa mbeba vijidudu miongoni mwa watu hao, na kutotumika kwa chujio na klorini katika wakati ule ule. Lingekosekana moja tu kati ya hayo matatu, kusingekuwa na ugonjwa. Ripoti ililaumu pia kutoelewana na kukosekana kwa mawasiliano kati ya maofisa waliohusika.

Kuna wanaoisoma ripoti hiyo na kuona humo habari ya bahati mbaya, yaani mambo matatu adimu yaliyosadifiana. Tafsiri hiyo ina udhaifu. Kati ya mambo hayo matatu, mawili yalipangwa na watu. Kuteremka kisimani kulipangwa; kuacha klorini kuliamuliwa au kuliachwa kuamuliwa. La tatu, mbeba vijidudu, halikuwa adimu hata kidogo: katika nchi ambayo maelfu ya watu waliwahi kuugua homa ya matumbo, miongoni mwao wanajeshi wa Vita Kuu, wabeba vijidudu walikuwapo katika kila mji mkubwa. Ukiwateremsha watu kisimani mara nyingi vya kutosha bila kuwapima, siku moja utamteremsha mmoja wao.

Sheria nayo ilisema neno lake. Kwa sadfa, Sheria mpya ya Afya ya Umma ya mwaka 1936, iliyozitaka halmashauri kuhakikisha maji yenye afya katika maeneo yao, ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1937, siku chache tu baada ya mafundi kuingia kisimani. Lakini kesi iliyofika mahakamani mwaka 1938 ilitegemea pia sheria ya zamani zaidi, ya mwaka 1847, iliyomtaka mwenye mradi wa maji atoe maji safi yenye afya. Mzazi mmoja na binti yake aliyeugua waliishtaki manispaa. Jaji aliamua kwamba manispaa ilifanya uzembe na kwamba inapaswa kuwalipa. Wanasheria huitaja kesi hiyo kwa sababu ya swali lake gumu: mtoto, ambaye halipi kodi ya maji, anadai kwa haki ipi? Jibu la mahakama lilikuwa kwamba baba, mlipa kodi, aliweza kudai kwa wajibu uliowekwa na sheria. Mtoto alipata haki yake kwa njia ya uzembe, kwa kuwa anayewapelekea watu maji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa kila atakayeyanywa.

Baada ya Croydon

Mwaka 1939 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa mwongozo juu ya tahadhari za kila siku katika miradi ya maji. Polepole mambo yaliyokuwa hiari yakawa desturi: wanaofanya kazi ndani ya visima na matangi kuchunguzwa kwanza, kisima kinachotengenezwa kutotoa maji kwa wananchi, maji ya chini ya ardhi kutiwa klorini hata yakiwa angavu namna gani, na mganga kuarifiwa kabla ya kazi, si baada ya wagonjwa. Mwaka huo huo, vita ilipoanza, serikali iliunda mtandao wa maabara za afya kwa hofu kwamba mabomu yatavunja mabomba ya maji na mifereji pamoja. London na vitongoji vyake vilipigwa mabomu vibaya mwaka 1940 na 1941, mabomba yalivunjika mara nyingi, lakini mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo uliohofiwa haukutokea. Klorini iliongezwa, na mabomba yaliyotengenezwa yalioshwa kwa klorini kali kabla ya kurudishwa kazini.

Sayansi nayo ilisonga mbele. Mwaka 1938 Craigie na Yen, huko Canada, walieleza njia ya kuwagawa bakteria wa homa ya matumbo katika aina nyingi kwa kutumia virusi vinavyowashambulia, hivyo ikawezekana kusema kama vijidudu vya mgonjwa na vya mtu anayeshukiwa ni vya aina moja au la. Mwaka 1948 ikaonekana kwamba dawa ya kloramfeniko huponya ugonjwa huo. Katikati ya karne, taarifa za mwaka za waganga wakuu wa manispaa za Uingereza zilishughulika zaidi na kifua kikuu, polio na moshi wa makaa ya mawe. Baada ya ukungu wa moshi wa Desemba 1952 uliowaua maelfu ya watu wa London, Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka 1956. Croydon iliingizwa katika London kubwa mwaka 1965, na cheo chenyewe cha mganga mkuu wa manispaa kikafutwa mwaka 1974.

Homa ya matumbo ilirudi mara moja kwa njia ambayo wasomaji wa ripoti ya Croydon wangeweza kuitambua. Mwaka 1964 watu wapatao 500 waliugua katika mji wa Aberdeen, huko Scotland. Chanzo kilikuwa nyama ya kopo kutoka Argentina. Kopo la moto likitoka katika mtambo wa kupikia hupozwa kwa maji. Likiwa na tundu dogo, hufyonza maji hayo linapopoa. Kiwanda kilikuwa kikipoza makopo kwa maji ya mto, ambayo hayakutiwa klorini.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wa kidato cha pili na kuendelea wanaweza kuona wenyewe jinsi uchafu unavyoila klorini. Zinahitajika chupa mbili za kioo, dawa ya kawaida ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini, chembe za potasiamu iodidi na uji mwepesi wa wanga uliopoa. Chupa ya kwanza itiwe lita moja ya maji safi. Ya pili lita moja ya maji yaliyolowekwa majani mabichi yaliyopondwa kwa usiku mmoja, kisha yakachujwa kwa kitambaa. Kila chupa itiwe matone mawili ya dawa ile, itikiswe na kuachwa nusu saa. Dawa isichanganywe kamwe na siki wala asidi nyingine, kwa kuwa gesi ya klorini hudhuru mapafu. Baada ya nusu saa kila chupa itiwe ncha ya kijiko ya potasiamu iodidi na kijiko kimoja cha uji wa wanga. Klorini iliyobaki huitoa iodini katika chumvi yake, na iodini huugeuza wanga kuwa wa buluu. Chupa ya kwanza itageuka buluu. Ya pili, kama majani yalikuwa ya kutosha, itabaki na rangi yake. Hapo darasa lihesabu matone yanayohitajika kuongezwa, moja moja na kwa kungoja nusu saa kila mara, mpaka buluu ionekane, kisha likate maji ya majani kwa nusu na kuanza upya.